Shule ya Kikristo ya kiklasiki: je, tuwapeleke watoto wetu?

Mama wa Watatu, Columbus (Ohio)

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo mimi na mume wangu tumelijadili kwa muda mrefu bila kufikia uamuzi. Sisi ni Watanzania tunaoishi Ohio, na Mungu ametujalia watoto watatu: wa miaka sita, wa miaka tisa na wa miaka kumi na mitatu. Wote wanasoma shule ya serikali iliyo karibu na nyumbani. Baadhi ya waumini wa kanisa tunakosali wamewahamishia watoto wao katika shule inayojiita ya Kikristo ya kiklasiki, ambamo masomo yote hufundishwa katika msingi wa imani, na ambamo watoto hujifunza Kilatini, mantiki na balagha (sanaa ya kusema kwa ufasaha na kushawishi), na kusoma vitabu vya Wagiriki na Warumi wa kale pamoja na maandiko ya mababa wa Kanisa.

Tulikaribishwa kwenda kuiona. Katika darasa la watoto wa miaka tisa, mwalimu aligonga meza kwa kidole na darasa zima likaimba kwa sauti moja, "mensa, mensae, mensae, mensam, mensa", wakarudia kwa wingi bila kukosea, kisha wakasimama mmoja mmoja kukariri Zaburi ya kwanza. Nilivutiwa na nidhamu yao na furaha waliyokuwa nayo. Hata hivyo nilitoka na maswali ambayo mkuu wa shule, pamoja na upole wake wote, hakuyajibu kwa namna ya kuniridhisha.

La kwanza ni la imani. Ikiwa lengo ni kuwalea watoto "katika adabu na maonyo ya Bwana", kama Mtume anavyowaagiza Waefeso, kwa nini wasomeshwe habari za Zeu na miungu wenzake, wenye wivu, uzinzi na visasi? La pili ni la manufaa: Kilatini hakizungumzwi na taifa lolote leo, na saa zinazotumika kukikariri zingeweza kutumika kwa hisabati. La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kila mara viongozi wa shule walipotaja urithi, walisema "urithi wa Magharibi", nami nina watoto wa Kiafrika ambao Kiswahili chao kinazidi kudhoofika. Je, nitalipa karo ili wafundishwe kwamba hekima yote ilitoka kwa watu wengine? Na karo yenyewe, kwa watoto watatu, si ndogo.

Mwalimu Mstaafu, Songea

Binti yangu, amani iwe nanyi nyumbani. Nilifundisha Kilatini katika seminari ndogo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo nitajibu zaidi maswali yako mawili ya kwanza.

Swali lako kuhusu miungu ya Wagiriki lina umri unaokaribia ule wa Kanisa lenyewe. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika Kaskazini, aliuliza Athene ina shirika gani na Yerusalemu, yaani falsafa ya Wagiriki na imani, na tangu hapo Wakristo hawajaacha kulijadili. Basili wa Kaisaria, katika karne ya 4, aliwaandikia vijana akiwashauri wawasome washairi wa kipagani kama nyuki anavyotembelea maua, ambaye hatui juu ya kila ua wala habebi ua zima, bali huchukua kinachofaa kwa kazi yake na kuacha kilichobaki. Augustino alilijibu kwa mfano wa Waisraeli waliotoka Misri wakiwa na dhahabu na fedha za Wamisri: elimu ya kweli popote ilipo ni mali ya Mungu, na Mkristo ana haki ya kuichukua na kuitumia vyema. Na walioelewa thamani ya vitabu hivyo hawakuwa Wakristo peke yao. Mwaka 362 Kaisari Juliani, aliyekuwa ameikana imani, aliwazuia Wakristo kufundisha fasihi ya kale, naye alijua alichokuwa akifanya, kwa maana Kanisa lisilojua kusoma, kuhoji na kusema mbele za watu wenye elimu lingebaki bila sauti. Maandiko nayo yanashuhudia: Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, Danieli alisoma elimu ya Wakaldayo, na Paulo pale Areopago aliwanukulia Waathene maneno ya washairi wao wenyewe.

Lakini tazama kwamba Basili alizungumzia kuchagua. Shule inayompa mtoto wa miaka tisa kila kisa cha miungu bila kumsaidia kukipima kwa Neno haijamfuata Basili. Waulize walimu wanafanya nini mtoto anapofika mahali ambapo shujaa wa hadithi anasifiwa kwa kulipiza kisasi. Ikiwa jibu lao ni kwamba wanajaza tu maswali ya ufahamu na kuendelea, hapo wasiwasi wako una msingi.

Kuhusu Kilatini, nitakuonyesha kwa mfano mmoja. Andika ubaoni: *Agricola puellam videt*. Chini yake andika: *Agricolam puella videt*. Maneno ni yale yale kwa mpangilio ule ule, na mtoto mwenye haraka atakwambia sentensi zote mbili zina maana moja. Ya kwanza inasema mkulima anamwona msichana. Ya pili inasema msichana anamwona mkulima. Tofauti yote imo katika herufi moja mwishoni mwa neno, na mtoto hawezi kuipata kwa kubahatisha. Analazimika kutulia, kulitazama kila neno hadi mwisho wake, na kuuliza ni nani anayetenda na ni nani anayetendewa. Huo utulivu ndio tunaoutafuta, nao utamfaa katika hisabati, katika sheria, na katika kuisoma Biblia yake. Nimeona pia kwamba watoto waliokulia katika Kiswahili hawashangazwi na sifa inayobadilika kulingana na nomino, kwa sababu tangu utotoni wamesema kiti kizuri na viti vizuri. Jambo linalowasumbua wengine, kwao ni la nyumbani.

Kuimba miisho ya maneno ni mwanzo mwema, mradi uwe mwanzo. Waulize ni katika darasa lipi mwanafunzi anasoma kwa mara ya kwanza ukurasa mzima wa Kilatini na kuuelewa. Injili ya Yohana katika tafsiri ya Yeronimo hufaa sana, kwa sababu sentensi zake ni fupi na mtoto tayari anajua zinasema nini. Kukariri kusikofika kwenye kusoma ni kupoteza utoto wa mtu.

Na hilo la "urithi wa Magharibi", nisamehe, ni jina lisilo na uangalifu. Tertuliano na Sipriani walikuwa watu wa Karthago. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akafundisha balagha Karthago kabla hajavuka bahari. Klementi, Origene na Athanasi ni wa Aleksandria, Misri, na ni Athanasi huyo aliyemweka wakfu Frumensio kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia. Sisemi kwamba walikuwa jamaa zetu wa damu. Ninasema kwamba sehemu kubwa ya fikra za Kanisa la kwanza iliandikwa katika ardhi ya Afrika, na mtoto wako ana haki ya kulijua hilo kutoka kwa mwalimu wake, darasani, na si kutoka kwako peke yako jioni.

Baba wa Mapacha, Dallas

Dada yangu, watoto wangu wamesoma katika shule za namna hii, nami naziamini. Kwa sababu naziamini, nitakueleza mambo ambayo mkuu wa shule huenda asikueleze.

Vitabu wanavyosoma ni vya kale, lakini harakati zenyewe ni za juzi. Mwaka 1947 mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alitoa mhadhara Oxford akilalamika kwamba shule zinawafundisha watoto masomo lakini haziwafundishi namna ya kufikiri. Alipendekeza zirejeshwe sanaa tatu za karne za kati, yaani sarufi, mantiki na balagha, akazilinganisha na umri: mtoto mdogo hupenda kukariri, anayekaribia ujana hupenda kubishana, na kijana hupenda kujieleza. Ulinganisho huo wa umri ulikuwa wa kwake. Shule za kale zilizihesabu hizo kuwa sanaa za kujifunza, si hatua za kukua. Nalisisitiza hili kwa sababu ziko shule zinazoushika mgawanyo huo kama amri, na kumnyima mtoto wa miaka minane nafasi ya kuuliza kwa nini, eti bado yuko katika umri wa kukariri.

Mhadhara ule ulikaa miaka mingi bila kuzaa shule. Miongoni mwa shule za kwanza ni ile iitwayo Logos, ambayo mchungaji Douglas Wilson na wenzake waliifungua katika mji wa Moscow, jimbo la Idaho, mwaka 1981. Kitabu cha Wilson cha mwaka 1991 ndicho kilicholieneza wazo hilo Marekani nzima, na leo Wakatoliki na Waorthodoksi nao wana shule zao za mtindo huo. Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Mwaka 1996 Wilson huyo, pamoja na mchungaji mwenzake, alichapisha kijitabu kilichoutetea utumwa wa majimbo ya kusini kwa kuuonyesha kuwa wa upole kuliko ulivyokuwa, na wanahistoria wakakijibu kwa ushahidi. Walimu wengi wa shule hizi hawana uhusiano wowote na maandishi hayo, na ninaowafahamu mimi wanayakataa. Hata hivyo sisi wazazi Waafrika hatuwezi kuingia katika shule kama hiyo kana kwamba hatujui. Omba uonyeshwe vitabu vinavyotumika kufundisha historia ya Marekani ya karne ya 19, vichukue nyumbani, uvisome mwenyewe.

Kisha uwaulize kama wanafunzi wao wanawajua watu hawa. Frederick Douglass, akiwa mtumwa mwenye umri wa kama miaka kumi na miwili mjini Baltimore, alinunua kwa senti hamsini kitabu cha hotuba kilichotumika mashuleni, ambamo mlikuwa na mazungumzo kati ya mtumwa na bwana wake, na mtumwa akajenga hoja zake vizuri hata bwana akamwacha huru. Alikisoma tena na tena, na baadaye akawa msemaji ambaye watetezi wa utumwa walishindwa kumjibu. Anna Julia Cooper, aliyezaliwa utumwani North Carolina mwaka 1858, alisoma Kilatini na Kigiriki, akafundisha Kilatini na kuwa mkuu wa shule ya sekondari ya watoto weusi mjini Washington, akakataa shinikizo la kuwafanya wanafunzi wake wajifunze kazi za mikono peke yake, na hatimaye akapata shahada ya udaktari Paris mwaka 1925. William Sanders Scarborough, naye alizaliwa mtumwa, Georgia, mwaka 1852. Aliandika kitabu cha kufundishia Kigiriki kilichochapishwa mwaka 1881, kisha akawa rais wa Wilberforce, chuo cha Kanisa la AME (African Methodist Episcopal, lililoanzishwa na Wamarekani weusi) kilichoko hapo hapo Ohio unakoishi. Watu hawa waliishika elimu hii kwa mikono miwili kwa sababu waliokuwa wakiwatawala walisema haiwafai. Unapomwona mwanao akiimba *mensa, mensae*, usidhani anaazima kitu cha jirani. Waliteseka watu weusi, tena Wakristo, ili mlango huo usifungwe mbele ya mtoto kama wako.

Kuhusu karo, Ohio ina mpango wa ufadhili wa EdChoice, ambao tangu mwaka 2023 uko wazi kwa familia za vipato vyote, ingawa kiasi hupungua kadiri kipato kinavyopanda. Mpango huo unapingwa mahakamani, na hauhusu shule ambazo hazina hati ya jimbo, kwa hiyo uliza kwanza kama shule hiyo inayo. Ikiwa haina, iko njia ya kati: kumsomesha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, na ziko familia zinazofundisha nyumbani kwa mtaala huu na kukutana siku moja kwa juma kwa ajili ya mijadala. Njia hiyo inahitaji mzazi mmoja awepo nyumbani, na najua kwa wengi wetu hilo ni gumu.

Msomaji wa Münster, Ujerumani

Naomba kutofautiana nanyi kidogo, kwa heshima. Huku Ujerumani kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shuleni hakuruhusiwi, lakini binti yangu anajifunza Kilatini katika gimnasia ya serikali, yaani shule ya sekondari, bila karo, na darasani mwao wameshafika kwenye vita vya Juliasi Kaisari huko Galia (Ufaransa ya leo). Somo la dini nalo linalindwa na ibara ya 7 ya Katiba, hivyo ana vipindi vya dini ya Kiprotestanti katika ratiba ile ile. Kilichobaki tunakifanya nyumbani na kanisani.

Najua wenzangu watasema kwamba huko ni kutenganisha vitu viwili vilivyopaswa kuwa kimoja, na hoja hiyo ina uzito. Lakini nina hofu moja kuhusu shule ambazo wanafunzi wote wanatoka katika familia za imani moja. Mantiki inahitaji mpinzani wa kweli. Binti yangu ameketi karibu na msichana asiyeamini kabisa, na siku alipoulizwa kwa nini Mungu mwema anaacha watoto wafe, alirudi nyumbani akatusumbua juma zima hadi tukafungua kitabu cha Ayubu pamoja. Sina hakika kama mwalimu mwenye kuigiza upande wa pili angeweza kumfikisha huko. Ikiwa utawahamisha wanao, hakikisha hawapotezi marafiki walio nje ya kanisa.

Mama wa Watatu

Mwalimu, shikamoo. Nawashukuru ninyi nyote. Mume wangu amesoma majibu yenu, na hilo la vitabu vya historia ameliandika kwenye daftari lake ili tuwaulize tutakaporudi. Yamebaki mambo mawili. Mkubwa wetu wa miaka kumi na mitatu angeingia katika darasa ambalo wenzake wamesoma Kilatini kwa miaka minne, naye ni mtoto anayeona aibu upesi. Na hakuna aliyenijibu kuhusu Kiswahili.

Mwalimu wa Kiswahili, Nakuru

Dada, la Kiswahili niachie mimi. Hata huku mtindo huu umefika, kwa mfano kupitia shirika la Rafiki, lenye shule Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na mimi huzitumia mbinu zake katika somo langu, kwa sababu hazijafungwa katika lugha yoyote.

Anza na Zaburi ya 23 katika Biblia ya Union. Mtoto wa miaka tisa aikariri, lakini usiishie hapo. Chukua mstari mmoja: "Katika malisho ya majani mabichi hunilaza." Mwambie alivunje neno la mwisho. *Hu-* inasema nini? Kwamba jambo hili ni la kawaida, la kila siku, si la jana peke yake. *-ni-* ni nani? Ni mimi. Na *-laza* inatofautianaje na *-lala*? Kondoo halali mwenyewe, yuko anayemlaza. Nimeona watoto wakinyamaza walipofika hapo, kwa sababu waligundua kwamba neno moja walilolitamka mamia ya mara lilikuwa na Mchungaji ndani yake. Hiyo ni kazi ile ile ambayo Mwalimu wa Songea ameionyesha kwa Kilatini, na haihitaji karo.

Kisha fuata ushauri wa Kwintiliano, mwalimu wa balagha wa Kirumi wa karne ya 1, aliyetaka watoto waanze kuandika kwa kusimulia upya ngano za Esopo. Wewe tumia ngano zetu. Mtoto aisikie hadithi ya Sungura na Fisi, aisimulie kwa maneno yake, siku nyingine aifupishe kwa sentensi tano, siku nyingine aiandike kwa upande wa Fisi, akimtafutia utetezi ulio wa haki. Wa miaka sita asimulie tu kwa mdomo. Na mkubwa mpe hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Juliasi Kaisari katika tamthilia ya Shakespeare, kwa tafsiri ambayo Mwalimu Nyerere aliichapisha mwaka 1963 akiwa tayari rais, atafute ni wapi msemaji anawageuza watu bila kuwaambia kwamba anawageuza. Ukiweza, mkubwa huyo atunge kila Jumamosi ubeti wenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane na nane, na vina vyote viwili vikae mahali pake. Atalalamika mwanzoni. Usimwachie mizani hata moja.

Mwalimu Mstaafu, Songea

Marahaba, binti yangu. Huyo mkubwa asiketishwe na watoto wadogo kuimba miisho ya maneno. Ataona haya na atakichukia Kilatini maisha yake yote. Omba aingie moja kwa moja katika somo la mantiki, ambalo kwa kawaida wenzake wa umri wake nao ndio kwanza wanalianza, na Kilatini akianze peke yake au na mwenzake mgeni, kwa kasi ya mtu mzima. Kijana wa miaka kumi na mitatu mwenye bidii huweza kumaliza katika mwaka mmoja sarufi ambayo watoto wadogo huimaliza kwa miaka mitatu, kwa sababu yeye tayari anajua sentensi ni kitu gani. Ikiwa shule haiko tayari kumpangia hivyo, mwacheni alipo kwa sasa, mumpeleke yule wa miaka tisa, na kazi ya Kiswahili aliyoieleza Mwalimu wa Nakuru muifanye na wote watatu.